Saa Nane Usiku, na Aliye Macho

Wageni wakishavua viatu mlangoni, swali ni moja: "Mgonjwa vipi?" Na jibu ni moja: "Alhamdulillahi, aendelea." Anayejibu ndiye aliyeamka saa nane usiku kutoa dawa, akaamka tena saa kumi kubadilisha shuka, na adhana ya alfajiri ikamkuta uani anafua. Yeye haulizwi. Husemwa mgonjwa haulizwi uji, lakini kwa saratani msemo huo haufai, kwa sababu mgonjwa wa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, huulizwa uji, huulizwa kama autaka vuguvugu au uliopoa, kisha asiunywe. Asiyeulizwa ni aliyeupika.

Hali yake ikianza kuharibika, watu huona amepungukiwa na subira. Hapo wanakosea. Kuuguza ni kazi kama kazi nyingine, ila muuguzi wa hospitali ana zamu na muuguzaji wa nyumbani hana. Mchoko wake una saa zake za usiku, una siku zake katika mwezi, na sehemu kubwa yake hutokana na vitu vinavyoweza kutajwa kimoja kimoja na kupunguzwa.

Cha kwanza ni usingizi. Mtu mzima akikatizwa usingizi mara tatu kila usiku kwa wiki mbili, hubadilika. Hukasirika kijiko kikianguka, hulia bila sababu akikuna nazi, husahau kama dawa ya saa kumi na mbili ameitoa au bado. Hapo ndipo makosa ya dozi huingia. Kosa la dozi huleta hofu, na hofu humaliza hata ule usingizi mdogo uliobaki.

Chukua mfano wa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Mgonjwa huandikiwa dozi kila baada ya saa nne, na familia husikia "kila saa nne" ikaweka alamu sita kwenye simu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, na saa nane usiku. Ile ya sita mara nyingi haina haja. Utaratibu unaofundishwa katika huduma za hospisi, zile za kumtuliza mgonjwa wa maradhi mazito, ni dozi ya saa nne usiku kutolewa mara mbili ya kawaida, ili mgonjwa apitilize hadi asubuhi bila kuamshwa. Anayeipanga ni daktari au muuguzi, si wewe, na mzee sana au mwenye figo dhaifu huenda akapangiwa vingine. Lakini ni swali la kuuliza kliniki, kwa maneno haya haya: "Dozi ya saa nane usiku, yaweza kuunganishwa na ya saa nne?" Wakikubali, ile saa nane ya usiku yageuka saa nane za kulala.

Mofini yenyewe ni mzigo wa moyo. Wengi huishika chupa mikono ikitetemeka, wakiamini ndiyo itakayommaliza mgonjwa. Dozi iliyoanzwa kidogo na kupandishwa kulingana na maumivu haimuui mtu. Humlaza sana siku mbili tatu za mwanzo, hasa kwa kuwa alikuwa halali kwa maumivu, kisha usingizi huo hupungua. Tabu yake ya kudumu ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile, si baada ya mgonjwa kulalamika. Siku tatu bila choo, piga simu kliniki. Na kuna jambo ambalo yafaa lisemwe mapema, mbele ya ndugu wote. Kila anayekufa akiwa kwenye mofini, kuna dozi iliyokuwa ya mwisho, na kuna mkono ulioitoa. Mkono huo haukufanya lolote ila kazi yake. Lisiposemwa kabla, yule mtu hulibeba peke yake miaka mingi. Coast Hospice hapa Mombasa hukaa na familia juu ya mambo kama haya, na hakuna sheria inayosema ungoje siku za mwisho ndipo uende. Ukienda mgonjwa angali anatembea, unafaidi zaidi.

Kando ya chupa weka daftari la mistari: saa, kiasi kwa mililita, jina la aliyetoa, maumivu kutoka 0 hadi 10, choo. Kazi yake kubwa si ya daktari. Anayeamka usiku na kichwa kizito hupata jibu la "nimeshampa?" bila kubahatisha.

Siku 21

Kemo nyingi hurudiwa kila baada ya siku 21, ingawa ziko za kila wiki na za kila wiki mbili. Huzuni na hasira za muuguzaji hufuata mzunguko huo kuliko anavyojua mwenyewe, na akiuchora kwenye kalenda ya ukutani huanza kujielewa.

Siku ya 1 hadi ya 3 mgonjwa huenda akawa mchangamfu ajabu. Huzungumza, hataki kulala, hupanga kupaka nyumba rangi. Hiyo ni deksamethasoni, dawa inayotolewa pamoja na kemo kuzuia kutapika. Familia hufurahi. Ikiisha, siku ya 4 au ya 5, mgonjwa huporomoka: mnyonge, mkali, hataki mtu. Anayetukanwa ni aliye karibu, na aliye karibu hujiuliza amekosa nini. Hakukosa kitu, ni dawa inatoka. Andika "siku za ukali" kwenye kalenda, na siku hizo mwekee zamu ndugu mwenye ngozi nene. Siku hizi ndizo pia za kichefuchefu. Dawa ya kuzuia kutapika itolewe nusu saa kabla ya chakula, si baada ya kutapika, na mchuzi usikaangwe karibu na chumba, maana harufu ya kitunguu na samaki humgeuza tumbo kabla sahani haijafika. Chakula kilichopoa hakinuki sana: mtindi, wali mkavu, viazi vya kuchemsha, embe lililomenywa muda huo huo. Akila vijiko vinne, amekula. Kumsihi cha tano ndiko kunakowagombanisha watu wawili wanaopendana.

Siku ya 7 hadi ya 14 kinga huwa chini kabisa, na muuguzaji hulala sikio likiwa wazi. Hofu hii ina msingi, kwa hiyo ipe utaratibu badala ya kuitupia maneno ya faraja. Nunua kipimajoto cha kidijitali. Pima mgonjwa anapohisi baridi, anapotetemeka, au anapolegea ghafla. Ikifika 38.0, ni hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Usimpe Panadol kwanza ili "tuone kama itashuka", kwa sababu joto litashuka na vijidudu vitabaki vinaendelea kwenye damu. Na hapa Pwani kuna mtego wa ziada: kila homa huitwa malaria. Mgonjwa hupelekwa kwenye kliniki ya mtaani, akapewa vidonge vya malaria, akarudishwa nyumbani, na asubuhi akawa mahututi. Malaria na ipimwe, lakini mgonjwa wa kemo mwenye homa ahitaji antibiotiki ya mshipani, ndani ya saa moja tangu afike hospitali. Andika kikaratasi ukibandike nyuma ya mlango, ukichukue mkitoka: "Yuko kwenye kemo. Kemo ya mwisho tarehe fulani. Leo ni siku ya 10. Homa 38.4." Mezani kwa daktari wa zamu, mistari hiyo minne hufanya kazi kuliko kilio cha ndugu watano.

Safari ya usiku ipangwe mchana. Nani wa kupigiwa, mwenye gari au mwenye tuktuk, na wa pili wake asipopokea. Pesa ya nauli ikae kwenye bahasha isiyoguswa kwa sababu nyingine. Wa Likoni na wa kusini kwa jumla wahesabu na feri: ambulensi hupewa nafasi ya kwanza, lakini chombo chenyewe lazima kifike gatini. Mipango hii haipunguzi homa. Hupunguza ile hali ya kukaa kitandani macho makavu ukijiuliza "na ikitokea sasa je?" Ukiwa na jibu, mwili hukubali kulala.

Kisha huja wiki ya tatu. Mgonjwa ana nafuu, ameomba biriani, amecheka. Na muuguzaji ndiye anayeanguka: kichwa, mgongo, machozi yasiyo na sababu. Wengi hushangaa na kuona aibu. Mwili ulikuwa umeshika pumzi wiki mbili, sasa umeachia. Kosa la wiki hii ni kuijaza kwa kufua mapazia, kuzunguka kutafuta michango, na foleni ya kupimwa damu. Kwa maoni yangu hii ndiyo wiki ya kuondoka nyumbani siku mbili, ukalale kwa dada yako Mtwapa au popote pasiponuka dawa, maana ndiyo wiki pekee ambayo mtu mwingine aweza kumwangalia mgonjwa bila kufundishwa mengi.

Mwisho wa mzunguko ni kipimo cha damu, na hapo wengi huumia bure. Daktari husema damu haijafika kiwango, kemo yasogezwa wiki moja, na aliyepika husikia hukumu: hukumlisha. Uliza ni seli zipi. Mara nyingi kilichopungua ni seli nyeupe, na hizo hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, kwa kasi yake yenyewe. Juisi ya biturutu, maini na mchicha ni chakula kizuri, lakini hakuna sufuria inayopandisha seli nyeupe kwa siku tatu. Kuchelewa kwa wiki moja ni jambo la kawaida katika matibabu haya.

Siri na wageni

Kuna nyumba ambazo saratani haitajwi. Ni "ugonjwa ule", au mgonjwa ameambiwa ana vidonda vya tumbo. Nia ni njema. Lakini anayelipa gharama ya siri ni muuguzaji: humdanganya mgonjwa nyumbani, humkonyeza daktari kliniki, huficha karatasi chini ya godoro, na hawezi kulia mahali popote. Na mgonjwa aliyekaa foleni Makadara, kama wenyeji waitavyo hospitali ya Coast General, kando ya watu walionyonyoka nywele, hajadanganyika. Amenyamaza ili asikuumize. Hivyo watu wawili wanalindana kwa uongo ambao hakuna anayeuamini.

Siri haivunjwi kwa kishindo. Huanza kwa swali, mkiwa wawili, redio imezimwa: "Mama, daktari alikwambiaje?" Nyamaza. Mwache amalize. Halafu: "Wapenda kuelezwa kila kitu, au tukae nayo sisi?" Wako watakaosema kaeni nayo, na hilo ni jibu, liheshimuni. Wengi husema walijua zamani. Wazee wakikataa katakata, mwombe daktari amuulize mgonjwa mwenyewe mbele yao. Neno la daktari hupita mahali ambapo la mtoto halipiti.

Wageni ni sura nyingine. Pwani mgonjwa hutazamwa, na asiyetazamwa huonekana hana watu. Kuwafungia mlango si ustaarabu wetu na hakuna haja. Weka saa: baada ya alasiri hadi magharibi. Toa viti chumbani viwe barazani, maana kisicho na kiti hakikaliwi saa tatu. Siku ya 7 hadi ya 14 mwenye mafua na watoto waishie barazani, wanawe mikono na wasalimie kwa mbali. Anayepokea wageni asiwe yule anayemwogesha mgonjwa. Na yeyote asemaye "mkihitaji chochote mtuambie" apewe jambo hapo hapo kabla hajavaa viatu: "Shangazi, Jumatano njoo saa nne ukae naye hadi adhuhuri, nikalale." Ahadi isiyo na siku huyeyuka, na muuguzaji hana nguvu ya kuikumbusha.

Kwenye kundi la WhatsApp la familia, ripoti itolewe na mtu mmoja, mara moja kwa siku, tena asiye chumbani. Kujibu "leo vipi?" mara ishirini kwa siku ni kuusimulia ugonjwa mara ishirini.

Kisha kuna tiba za wageni. Majani ya mstafeli yameponya mtu Malindi, mwarobaini umemponya mwingine Voi, na wewe usipompa mgonjwa wako basi humpendi. Huu ndio msukosuko unaowachosha wengi kuliko kutapika. Stafeli imejaribiwa kwenye seli maabara, na haijathibitishwa kuponya saratani kwa binadamu. Tena kule Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, kunywa sana majani na matunda ya jamii hiyo kumehusishwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson. Mitishamba mingine huongeza au kupunguza nguvu ya kemo ini likiwa linahangaika nayo. Huna haja ya kubishana barazani. Sentensi moja ya adabu yatosha, na irudiwe bila kubadilishwa: "Ahsante sana mjomba, nitaipeleka kwa daktari aitazame kwanza." Ipeleke kweli. Kombe, yaani aya za Qur'ani zilizoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya kunywa, halina ugomvi na kemo mradi maji yawe yamechemshwa na sahani iwe safi, na mgonjwa mwenyewe alitake. Dua nayo haijazuiwa na daktari yeyote.

Yasiyosemwa

Muuguzaji humkasirikia mgonjwa. Huchukia harufu ya kidonda. Hutamani, usiku mmoja au mingi, jambo liishe, kisha hujiona muuaji. Mawazo haya ni ya kawaida kiasi kwamba dodoso la Steven Zarit, lenye maswali 22, ambalo hutumika hospitalini nchi nyingi kupima mzigo wa walezi, huyauliza waziwazi: je, wahisi hasira ukiwa karibu naye, je, wahisi huna tena maisha yako. Yasingeulizwa kama yangekuwa ya watu wabaya tu. Kutamani maumivu ya mtu yaishe na kumtakia kifo ni vitu viwili, ingawa saa nane usiku hufanana.

Wazo halina hatari. Mkono una hatari. Ukijikuta umemvuta kwa nguvu, umemnyima maji makusudi, umeacha kumbadilisha pampasi ili "ajifunze", au umeruka dawa kwa hasira, kabidhi zamu siku hiyo hiyo, kabla ya jioni. Hasira ikipanda ghafla, hakikisha kitanda hakimwangushi, toka uende ukaoshe uso na miguu kwa maji baridi, kaa nje dakika kumi. Hatakufa kwa dakika kumi.

Kichefuchefu cha kidonda kina dawa ya vitendo. Muulize muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazoli vinavyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kinachonuka, maana harufu hiyo hutokana na bakteria na hupungua ndani ya siku chache. Vaa glavu. Kwa saa 48 baada ya kemo, glavu ni lazima kwa mkojo, matapishi na shuka zilizochafuka, kwa kuwa dawa hutokea humo. Nguo hizo zifuliwe peke yake mara mbili. Mwenye mimba asizishike.

Mgongo wa muuguzaji huharibiwa na kumnyanyua mgonjwa kwa kwapa. Tumia leso (kanga), ile ambayo bado ni ngumu, si iliyochakaa. Ikunje mara mbili, itandike kwa upana chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili, kila mmoja upande wake, wakunje kingo mpaka karibu na mwili, wakunje magoti, wahesabu hadi tatu na kuvuta pamoja. Mgonjwa huteleza juu, hanyanyuliwi. Ukiwa peke yako, usijaribu. Mgeuze ubavu tu na ungoje wa pili.

Pesa nitazipitia mbio. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ina kikomo cha mwaka cha matibabu ya saratani kwa nyumba nzima, basi uliza kila mwezi kiasi kilichobaki badala ya kukigundua dirishani. Na anayeogesha asiwe ndiye ashikaye michango. Mtu akituhumiwa kuhusu pesa ya mgonjwa ambaye ametoka kumsafisha sasa hivi, uchungu huo haupoi.

Usiku ugawanywe katikati. Wa kwanza achukue saa tatu hadi saa nane, wa pili saa nane hadi saa moja asubuhi, na asiye zamu alale chumba kingine mlango umefungwa, simu nje. Kulala sakafuni kando ya kitanda "kwa tahadhari" si kulala. Mwanamume wa nyumba naye ana mikono. Kumwandikia zamu ya usiku wa Ijumaa na Jumamosi si kumvunjia heshima.

Dawa zako za presha na sukari ziwekwe kwenye kisanduku chake, kando ya kile cha mgonjwa lakini zisichanganywe, kwa kuwa kile ndicho unachokifungua kila siku. Na huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, hufurahii kitu, huli au wala bila kujua, au umeanza kufikiri ni heri usiwepo, hiyo imeshapita mchoko. Ina tiba. Mwambie daktari wa mgonjwa wako, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, nenda Port Reitz, hospitali ya wagonjwa wa akili, kama utaelekezwa huko, hata kama mtaani jina hilo hutumiwa kwa mzaha.

Mgonjwa akifariki, watu hujaa. Mke aliyeuguza huingia eda, miezi minne na siku kumi, na angalau ana jina la hali yake. Binti aliyeuguza, mkwe, au mtumishi wa nyumbani aliyeshika beseni mwaka mzima, hana. Baada ya arobaini hutarajiwa arudi kazini kama aliyetoka likizo, na mwili wake ungali unaamka kwa zamu. Kwa majuma kadhaa atasikia kukohoa chumbani pasipo na mtu. Hilo nalo ni la kawaida, na hupungua lenyewe.

Mofini iliyobaki irudishwe ilikotolewa, isikae kabatini wala isipewe jirani mwenye maumivu. Daftari lihifadhiwe au lichomwe, aamue aliyeliandika. Na mtu mmoja, asiye yeye, achukue simu yake siku hiyo hiyo ya maziko, kabla ya usiku kuingia, azime alamu zote.